Kiti cha Falakhe

Umewahi kumlipia nauli mtu aliyekufa? Usicheke. Kwetu, kusini mwa Durban, ni jambo la kawaida. Mtu akifia mbali na kwao, mwili unaletwa na gari la maiti, lakini mwenyewe anabaki pale alipokatia roho, anashangaashangaa. Lazima mtu wa ukoo amfuate hapo hapo na tawi la mkunazi-mwitu, amwite kwa sifa za ukoo, amwambie simama, twende nyumbani. Basi anapanda kwenye tawi. Kwenye gari analipiwa kiti chake, tawi linakaa, na dereva hakuulizi. Mkivuka mto anaambiwa, huu mto. Mkifika mlangoni anaambiwa, huu mlango. Na wale wanaomchukua hawasemi na mtu mwingine, hata watukanwe, mpaka wafike. Wakisema, marehemu anashuka.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, MaBhele alikuwa amesimama na tawi hilo nje ya uzio wa mabati uliozungushiwa yale maegesho ya magari nyuma ya stendi ya teksi. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyokatika. Miguuni alivaa viatu vya marehemu mumewe, kwa sababu vyake vilikuwa na tope la Jumanne, siku waliyomfukua mwanawe mtaroni kwa sepeto, na hakuwa amepata moyo wa kuvisugua. Kando yake alikuwa shemeji yake, Mpiyakhe Cele, mzee wa miaka sitini na minane, aliyevaa koti lake la kanisani. Yeye ndiye wa kulibeba tawi. Walikuwa wazike Jumamosi.

Mlinzi wa geti aliitwa Mlaba, mwanamume mnene mwenye kovu kidevuni.

"Haiwezekani, Ma," alisema. "Kuingia humu ni helmeti, buti zenye chuma, na karatasi ya mafunzo ya usalama."

"Nipe helmeti, basi."

"Helmeti ni za waliomo kwenye orodha."

"Mwanangu mlimpa."

Mlaba akaitazama mvua. "Mwanao hayumo kwenye orodha, Ma. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mlaba. Si wewe unayekula mahindi yangu kila siku? Si wewe uliyekuwa ukimwita Falakhe meneja wa magari?"

"Nilimwita, ndiyo. Na mahindi nakula. Hii kazi ndiyo inayoyalipia."

MaBhele hakubishana naye. Kiwanja kile alikijua kuliko Mlaba. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye kona yake na pipa lake la mahindi ya kuchemsha, na miaka kumi na mmoja ya mwisho mwanawe alikuwa hapo hapo, kizibao cha rangi ya chungwa mgongoni, akiwalindia watu magari na kuwaongoza kurudi nyuma kwa mluzi: njoo, njoo, kata, kata, basi! Kutoka pale alipokuwa amesimama hadi kwenye mtaro uliomfukia zilikuwa hatua thelathini na mbili. Ilikuwa safu ya tatu, hapo ambapo mwalimu mmoja mkuu alipenda kuliweka gari lake jeupe chini ya kivuli cha tangazo la sabuni.

Basi Mpiyakhe akamwita kutokea nje. Alilipachika tawi juu ya mabati, akapaza sauti akishindana na mashine ya kukoroga zege.

"Ndosi! Magaye! Falakhe, mtoto wa kaka yangu! Ni mimi baba yako mdogo. Tumekuja kukuchukua. Usiogope makelele haya. Simama, twende nyumbani!"

Zege likaendelea kukorogwa. Mzee akalishusha tawi polepole, kama anayemshusha mtoto kutoka mgongoni, wakageuka kwenda.

Hawakufika mbali. Mtu alipiga kelele kutoka juu ya jukwaa la vyuma, na Mlaba akawakimbilia.

"Mzee! Simama! Umebeba nini hapo? Bosi anauliza mmetoka na nini!"

MaBhele alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale pale, limeshafika kwenye meno. Akaliuma. Akaendelea kutembea, akimtazama Mpiyakhe naye atembee. Lakini Mlaba alimshika mzee kiwiko. Sasa, Mpiyakhe alikata miwa kwenye mashamba ya wenyewe miaka arobaini na mmoja, na miaka yote hiyo aliyemshika kiwiko alijibiwa. Mwili wake ulijibu kabla yeye hajakumbuka.

"Hakuna kitu, bosi," alisema. "Ni tawi tu."

Mlaba akamwachia. Wale wawili wakabaki wamesimama kwenye mvua. Mzee aliitazama midomo yake kwa chini, kama vile angeweza kuiona.

Walikwenda stendi hivyo hivyo, wakalipia viti vitatu. Tawi lilikaa katikati yao, limefungwa kitambaa cheupe, na mwanamke mmoja mwenye kapu akasimama njia nzima hadi kwao Mthwalume kwa kukiheshimu kile kiti. Kwenye kila daraja Mpiyakhe alisema, Ndosi, huu mto. MaBhele alikuwa akitazama dirishani. Alijua kiti ni kitupu.

*

Jumamosi walizika mwili. Jumapili usiku Falakhe akaja kwa mama yake ndotoni na kizibao chake, amekaa juu ya ndoo, amejipangusa tope usoni. Alipiga mluzi tu, ule wa kata, kata.

Barua ya kampuni ilikuja baada ya wiki tatu. Ilisema kampuni inasikitishwa na tukio lililompata mtu asiye na ruhusa, aliyeingia eneo la ujenzi kupumzika wakati wa chakula cha mchana. MaBhele alisomewa mara mbili. Akaiomba, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, akapanda gari kwenda mjini.

Ofisi yao ilikuwa kontena lenye kiyoyozi. Aliyempokea alikuwa afisa wa uhusiano na jamii, Zamaswazi Mavundla, msichana wa miaka thelathini hivi, kucha safi, mtoto wa mchungaji kutoka Ndwedwe. Alimwinamia MaBhele inavyostahili, akampa kiti na chai yenye maziwa.

"Pole sana, Ma. Sisi sote tumeumia."

"Hakuingia kupumzika," alisema MaBhele. "Mlipokifunga kiwanja, wale wa magari walikosa kazi. Kila asubuhi msimamizi wenu alikuja getini akanyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Falakhe aligeuza kizibao chake ndani nje ili kifanane na vyenu, akapewa helmeti iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Wiki sita alichimba. Mimi nilikuwa pale kona, nikimwona akiingia. Siku aliyokufa, saa nne, nilimpelekea hindi, akalipokea juu ya mabati, mkono wote una udongo mwekundu."

"Nakuamini, Ma. Lakini rejista inasema hakuwepo."

"Rejista ilichimba mtaro?"

Zamaswazi akatabasamu kwa huzuni. Alijua kutabasamu kwa huzuni.

"Sikuja kuomba pesa," alisema MaBhele. "Mwanangu hakutoka humu. Shemeji yangu alijibu mtu getini. Naomba robo saa, niingie na tawi, nimchukue, niwaachie kiwanja chenu."

"Ma, mimi ni Mzulu kama wewe. Babu yangu alichukuliwa hivyo hivyo kutoka migodini. Naelewa."

"Basi nifungulie."

Msichana alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini.

"Nikikuruhusu kumchukua hapa, Ma, ni kama kampuni imekubali kwamba alifia hapa. Mawakili wamekataza. Ila nikwambie kitu. Haya majengo yakiisha, katikati kutakuwa na ua mkubwa, na ua huo ni wa umma. Jiji ndilo lililoipa kampuni kiwanja kwa sharti hilo. Siku hiyo utaingia kama mtu yeyote. Subiri kidogo tu."

MaBhele aliimaliza chai, maana haikuwa desturi yake kuacha chai ya mtu. "Nitasubiri," alisema.

*

Akasubiri. Kona yake ilichukuliwa na lango la malori, akavuka barabara na pipa lake, akakaa mbele ya duka la mataulo na mablanketi. Kila siku alipanda gari la alfajiri, akamenya mahindi, akabakiza majani mawili kwenye kila hindi kwa ajili ya kushikia, akawasha moto, akayafunika kwa gunia. Mbele yake ghorofa zilipanda: chini maduka, juu fleti, na chini kabisa, ardhini, maegesho ya magari. Magari yalikuwa yamerudi yalipokuwa, ila sasa yalikuwa kaburini.

Jengo lilipewa jina. Waliliita Igceke. Ni neno letu hilo, ua wa nyumbani, ule unaofagiwa kabla jua halijatoka.

"Igceke bila kuku?" wateja walimtania MaBhele.

"Kuku nao watalipa kodi," alijibu.

Mabati yalipoondolewa, alifunga pipa, akavaa kitambaa cheusi, akavuka barabara na tawi jipya. Ua ulikuwa mzuri, hakuna wa kukataa. Vigae vya kijivu, madawati ya mbao, miti michanga iliyofungwa kamba, na katikati chemchemi. Alihesabu hatua zake kutoka pale aliposimama siku ya geti. Thelathini na mbili zilimfikisha kwenye ukingo wa chemchemi. Kwenye lango palikuwa na bango: KARIBU. UA HUU NI WA WOTE. Chini yake maandishi madogo, akasomewa na Mlaba mwenyewe, ambaye sasa alikuwa na sare mpya na tai: marufuku kuuza, marufuku kupika, marufuku kulala kwenye madawati, marufuku mikusanyiko na ibada bila kibali.

"Mimi si mkusanyiko," alisema MaBhele. "Niko peke yangu."

"Ni ibada, Ma."

"Kibali kinatoka wapi?"

"Kwa dada Zamaswazi."

"Na yeye atasema mawakili."

Mlaba akajikuna kovu. "Mimi sijui, Ma. Tafadhali toka, kamera zinaniona."

Alitoka. Siku ile hakulia wala hakutukana. Alirudi kwenye pipa lake, akachochea moto, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki akiitazama ile chemchemi hadi maji yakachemka, na kitu ndani yake nacho kikakaa vizuri, kama chungu kikipata mafiga.

Mteja wa kwanza aliyesimama alikuwa nesi wa hospitali ya karibu, mwanamke mchangamfu, funguo zinamning'inia shingoni.

"Ma, hilo jengo unalionaje? Nimeandikisha jina. Ghorofa ya kwanza, dirisha linaangalia maji."

"Jengo zuri. Chumvi?"

"Kidogo."

MaBhele akanyunyiza. "Hapo penye maji ndipo alipo mwanangu."

"Eh! Anafanya kazi hapo?"

"Aliifanya. Ukuta wa mtaro ulimwangukia. Hatujamchukua."

Nesi akaacha kutafuna. "Hamjamchukua?"

"Walituzuia getini."

Akalifunika pipa kwa gunia. Nesi naye ana kwao, ana wazee wake, ana mjomba aliyefuatwa na tawi hadi Johannesburg. Alilifunga hindi kwenye majani yake bila kulimaliza, akaitazama chemchemi, akaondoka bila kuvuka barabara.

Kesho yake MaBhele alimwambia mwalimu mmoja. Keshokutwa, karani wa mahakama na mkewe. Kila aliyeuliza juu ya jengo aliambiwa, na ambaye hakuuliza aliulizwa yeye, unalionaje jengo lile? Hakusema uongo hata mara moja. Hakutia pilipili. Jina, mahali, na kwamba hajachukuliwa, kisha chumvi. Mahindi yake yakanunuliwa kuliko zamani, maana watu walikuja kusikia wenyewe.

Mengine hakuyasema yeye. Kina mama wa usafi walianza kuisafisha ile sehemu ya chemchemi kwa mbali, wakimwaga maji badala ya ufagio. Kigae kimoja kando ya chemchemi kilipasuka, kikabadilishwa, kikapasuka tena. Halafu dereva mmoja akapanda kutoka maegesho ya chini saa sita mchana, amepauka, akisema alikuwa akirudi nyuma akasikia mluzi, kata, kata, akashuka kumpa mtu sarafu na hakumkuta mtu. MaBhele alipoletewa habari hiyo, aliinamia pipa lake muda mrefu akigeuza mahindi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

"Siku zote alijua kazi yake," alisema.

*

Zamaswazi alikuja mwenyewe, na viatu vya kisigino chembamba, akiruka maji ya mtaroni. Alinunua hindi akalishika kama kipaza sauti.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba, mwanangu. Kula, litapoa."

"Ma, kampuni imekaa kikao. Imeona ni vyema familia ipewe nafasi. Tutawaletea gari hadi Mthwalume, mbuzi, turubai, kila kitu. Jumamosi ya uzinduzi. Watu wataona mnavyomchukua, roho zao zitatulia."

"Fleti ngapi hazina watu?"

Msichana akatazama pembeni. "Nyingi."

"Uliniambia nikimchukua hapo, ni kama mmekubali."

"Tutaiita sherehe ya kutakasa ua. Haitasema chochote kuhusu... tukio."

MaBhele akafuta mikono kwenye aproni. "Nina ombi moja. Huyo bosi wenu, Bwana Ridgway, asimame mbele ya watu aseme: Falakhe Cele alifia hapa akifanya kazi yetu. Akiisha kusema, namchukua saa hiyo hiyo, na sitafungua tena mdomo wangu. Ni maneno saba."

"Ni maneno saba ya bei kali, Ma."

"Mimi nilishayalipia."

Jioni ile, Mthwalume, Mpiyakhe alimsubiri mlangoni. Tangu siku ya geti mzee yule alikuwa amekauka. Alikuwa haendi kwenye vikao vya ukoo, na akishikwa bega na mtu alishtuka. Kampuni ilikuwa imeshampigia simu.

"Shemeji, tukamchukue mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyemshusha."

"Hukumshusha wewe. Ulishikwa kiwiko."

"Nilijibu! Mdomo ni wangu. Nikifa leo nikamkuta kaka yangu, akaniuliza mwanangu yuko wapi, nimjibu nini? Yuko mjini chini ya maji ya bomba?" Alikuwa analia bila kujificha. "Wakubali wasikubali, hayatuhusu. Tumchukue tu."

MaBhele alikaa kwenye mkeka. Alikuwa akilitaka jambo hilo kuliko pumzi yake. Alikuwa ameshafagia ile sehemu ya ndani kabisa ya nyumba ya mviringo, mahali pa wazee waliotangulia, ambako tawi lingewekwa, akaifagia kila Ijumaa miaka miwili na miezi minne.

"Tutakwenda," alisema. "Lakini bila maneno yale, shemeji, siahidi kitu."

Siku ya Ijumaa Zamaswazi alipiga simu. "Nimeongea naye, Ma. Atamtaja."

"Kwa jina?"

"Atamtaja, Ma."

*

Gari lilikuwa jeupe, la viti saba. Kiti cha kati MaBhele alikitandikia blanketi la Falakhe, lile la mistari ya bluu, na pembeni akaweka suruali yake safi. Dereva aliviona akavua kofia.

Uani kulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, spika, na watu kama mia mbili. Nesi alikuwepo. Mwalimu alikuwepo. Wote wale walioandikisha majina kisha wakasita walialikwa waje waone kwa macho yao. Mbuzi alifungwa kwenye mti mchanga, anatafuna kamba yake. Jua lilikuwa la saa tano.

Bwana Ridgway alikuwa mrefu, mpole, mwenye koti la kitani. Alisema Kiingereza, Zamaswazi akatafsiri. Alisema zamani hapa palikuwa na lami na mafuta machafu, sasa ni makao. Alisema nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Alisema ua wa wote. MaBhele, kwenye kiti cha mbele, alikuwa ameweka mikono mapajani, vidole saba vimenyooka na vitatu vimekunjwa.

"Kila mahali pana historia," Zamaswazi alitafsiri. "Leo tunawashukuru majirani zetu wa familia ya Cele, waliokubali kutuletea baraka ya kimila. Sasa watatusafishia ua wetu. Karibuni."

Makofi. MaBhele alivitazama vidole vyake. Vyote saba bado vilikuwa vimenyooka. Akamgeukia msichana.

"Ameshamaliza?"

"Amemaliza, Ma."

"Jina hakulitaja."

"Amesema Cele, Ma."

"Amesema majirani."

"Tafadhali, Ma. Watu wanatazama."

"Naona."

Mpiyakhe alikuwa ameshafika kwenye chemchemi. Alipiga goti kwa shida, akagusisha tawi kwenye kile kigae kipya, cheupe kuliko wenzake. Sauti yake ilitoka safi, haikushindana na mashine yoyote.

"Ndosi! Magaye! Falakhe, ni mimi. Siku ile nilikosa. Leo nimekuja mdomo umefungwa. Simama, mwanangu, twende..."

Mkono wa MaBhele ukalishika tawi. Miiba ya mkunazi-mwitu huota miwili miwili, mmoja umenyooka na mmoja umepinda, na yote miwili ilimwingia kiganjani.

"Subiri, shemeji."

Mzee aliinua uso. Alimwelewa kabla hajasema, akatikisa kichwa kama mtoto: hapana, hapana, hapana. MaBhele alilivuta tawi kutoka mkononi mwake, taratibu, akakifungua kile kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akakitia kifuani.

"Falakhe," alisema. "Ni mama yako. Usisimame."

Isipokuwa wakubwa wa kampuni kwenye safu ya mbele, uani pale kila mtu alielewa. Viti viliacha kulia.

"Nilikuja siku ya tatu ya kufa kwako, wakanifungia geti. Nikaja na barua, wakasema hukuwahi kuwepo. Nikaja na tawi jingine, wakasema nina hatia ya ibada. Leo wameniletea gari na mbuzi, kwa sababu unawaharibia biashara. Jina lako limewashinda. Nami nilikutandikia kiti, mwanangu. Nisamehe. Kaa hapa hapa penye maji. Kila gari litakaloshuka humo chini, lipigie mluzi. Kila atakayenunua chumba humu, muulize ni nani aliyekuandika hayupo. Siku watakapoyasema maneno saba nitakuja kama nina miguu. Kama sina, usiondoke kwa tawi la mtu mwingine."

Akalivunja tawi kwenye goti, mara moja, akaviweka vipande ukingoni mwa chemchemi.

Bwana Ridgway alimwinamia Zamaswazi, bado anatabasamu. "Anasema nini?"

Msichana alikuwa amekishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Anaomba," alisema. "Anawaombea."

Nyuma, nesi alikuwa wa kwanza kuinuka. Kiti chake kilikwaruza vigae. Kisha kingine, kisha safu nzima, watu wanachukua mikoba yao na kuikwepa chemchemi kwa mbali. Mbuzi alikuwa ameimaliza kamba na ameanza kula majani ya mti wa kampuni.

MaBhele alimshika Mpiyakhe kwapa, akamwinua.

"Umeniua, MaBhele," mzee alinong'ona. "Nitamwambia nini kaka yangu?"

"Mwambie mimi ndiye niliyemwacha. Mwambie anisubiri, nitajibu mwenyewe."

Mzee hakumwangalia. Alitangulia peke yake, akijishikilia kwenye migongo ya viti vitupu, akatoka langoni hadi kwenye gari. Dereva alikuwa amesimama mlango wazi, kofia kifuani, anasubiri tawi. Blanketi la mistari ya bluu lilikuwa limenyooka juu ya kiti cha kati, halina hata mkunjo mmoja.

Langoni palikuwa na meza. Kila aliyetoka alipekuliwa, maana vitambaa vya viti vilikuwa vya kukodi. Mlaba alimwona MaBhele akija, akatazama kamera, akamtazama tena.

"Samahani, Ma. Ni utaratibu tu. Unatoka na nini?"

MaBhele akasimama. Alifungua viganja vyake vyote viwili juu ya meza, avione. Kimoja kilikuwa kinatoka damu.

"Sina kitu, Mlaba," alisema. "Mwanangu nimewaachia."